Kibuyu Kilichopakwa Vanishi

Ukifunga harusi Kitengela siku hizi, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakayekupamba ni Waceke. Saluni yake iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi za nyumba, na kila Jumamosi asubuhi zile ngazi hujaa mabibi harusi, mama zao, na mashangazi wanaojua kila kitu. Waceke huwanyamazisha wote kwa kuinua kitana. Anajua uso unaotaka poda na uso unaotaka kuachwa kama Mungu alivyouumba. Akimaliza, bibi harusi hujitazama kwenye kioo na kuanza kulengwalengwa na machozi, naye humwambia, "Lia hapa hapa umalize. Ukishuka hizo ngazi sitaki kuona chozi."

Basi mtu huyo huyo, akishamaliza kupamba furaha za wenzake, kuna kipindi alikuwa akivuka barabara ya Namanga kwenda kwake, akafungua mlango, na hakuna aliyeuliza ni nani ameingia. Niseme tu ilivyo, maana mimi kuzunguka siwezi. Mume wake hakuwepo. Hakufa, hakuoa mwingine, hakutoroka. Alichukuliwa na dada yake akapelekwa Kajiado, na aliyempangia nguo kwenye begi ni Waceke mwenyewe.

Mume anaitwa Sankale. Kabla ya kiharusi alikuwa mtu wa kujaza mlango, mchuuzi wa ng'ombe ambaye soko zima la mifugo la Kajiado lilimjua kwa sauti. Yeye Mmaasai wa huko huko Kajiado, mkewe Mkikuyu wa Limuru, na kwa miaka mingi wao wawili ndio waliofundisha darasa la wachumba pale kanisani. Darasa lina masomo matatu: nguvu, urembo na upendo katika ndoa. Nguvu ilikuwa ya Sankale. Urembo ulikuwa wa Waceke, ungempa nani mwingine? Upendo waliufundisha pamoja, na kusema kweli somo lile lilikuwa utani mtupu. Mume alisema mkewe anakoroma, mke alisema afadhali anayekoroma kuliko anayenuka ng'ombe kitandani, na wachumba walicheka mpaka wakasahau kuandika.

Lakini somo la nguvu Sankale hakulifanyia mzaha. "Vijana," alikuwa akiwaambia, "kubeba gunia hata punda anabeba. Mwanaume ni yule anambebea mke wake aibu, na hasemi." Waliandika hivyo hivyo, wakaenda kuoana. Hakuna aliyewahi kumwomba mfano. Hata Waceke, aliyekuwa ameketi pale kando yake kila mara, hakuwahi kumwomba.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akinyoa ndevu. Hospitalini walifanya walichoweza, akarudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umelala na ulimi umefungwa. Ulimi ulipoanza kufunguka, ulifungukia Kimaasai peke yake. Na huyu alikuwa mtu wa lugha nne. Alinunua ng'ombe kwa Kimaasai, akawauza kwa Kikuyu, akagombana na watu wa kaunti kwa Kiingereza, na kumbembeleza mkewe kwa Kiswahili. Zote zilikwenda, ikabaki ile aliyonyonya nayo. Daktari alisema hayo hutokea, huenda zikarudi, huenda zisirudi.

Na Waceke Kimaasai hana. Usimlaumu haraka. Ama mlaumu, shauri yako. Walipooana walikubaliana nyumba iwe ya Kiswahili ili mtoto wao, Jane, asichanganyikiwe, na mambo yakakaa hivyo mpaka Jane akakua, akasoma, akaenda kufanya kazi Kisumu. Mama mtu alijua kusalimia, alijua kushukuru, alijua maji na maziwa, basi. Sasa mumewe alikuwa anaongea polepole siku nzima, akimkazia macho, naye anaitikia tu, "Eeh, baba Jane. Eeh," kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Machozi yakimtoka mzee, mkewe hakujua kama anaumwa, au anamwomba kitu, au anamfukuza.

Neno moja alilishika. Kule, yaani maziwa. Siku alipolitambua alifurahi, akakimbia dukani akaleta maziwa ya pakiti, akayapasha moto, akayatia kwenye kikombe kizuri cha wageni. Sankale alionja, akageuza uso akatazama ukutani. Akaleta maziwa ya ng'ombe kutoka kwa mama anayeuza kwa lita pale stendi. Akaonja, akatazama ukuta. Akaleta mala, yale maziwa yaliyoganda. Akatazama ukuta. Chakula kingine alikula kidogo sana, kwa kulazimishwa, na mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza. Waceke alikuwa akisimama pale na kikombe chake mkononi, akiona kisogo cha mume wake, na moyoni akasema, huyu mtu hataki kuniona.

Ndipo akaja Soipan. Soipan ni dada mkubwa wa Sankale, mjane, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, anayechunga mbuzi wake na ng'ombe wachache nje kidogo ya mji wa Kajiado. Alikuja amefungia kibuyu ndani ya leso. Alikaa kitandani, akamwinua kaka yake kichwa, akamwekea kibuyu mdomoni, na yule mtu akanywa mpaka kikaisha. Waceke aliona koo lile likipanda na kushuka, akashikwa na wivu. Ndiyo, wivu, wala hakuficha kwamba ni wivu.

"Nitaenda na yeye," Soipan alisema. "Hapa anakauka."

Waceke angeweza kukataa. Alikuwa amechoka, hajalala vizuri tangu hospitalini, na saluni ilikuwa inaendeshwa na Caro, msaidizi wake, ambaye mikono anayo lakini kichwa kiko kwenye simu. Alitoa begi, akapanga shati, sweta, dawa na Biblia ya Sankale. Gari lilipoondoka alibaki ameshika geti. Kanisani aliwaambia mzee anapumzika.

Sasa hapo ndipo watu walipoanza kumpa sifa. Mama Jane, una nguvu wewe. Mama Jane, sisi tungeshavunjika. Mama Jane, wewe ndiwe yule mwanamke mwema aliyeandikwa, taa yake haizimiki. Hata Jane alipiga simu kutoka Kisumu akasema, "Mum, we ni strong sana, najivunia wewe," kisha akasema ana mkutano. Waceke alisema amina, alisema asante. Akirudi nyumbani alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja, na hujui unavyochosha huo ugali, maana ukiupika mdogo unaungua na ukiupika mkubwa unakuangalia mpaka kesho. Hakuna hata mmoja kati ya wale wa una nguvu aliyewahi kupita akamwambia, mama, songea kidogo nikae.

Pasta Muturi, mtu mwema lakini mwenye haraka, alimwomba aendelee na darasa la wachumba peke yake. Alifundisha nguvu kwa maneno ya mumewe. Alifundisha urembo kwa maneno yake mwenyewe, akawaambia wasichana kwamba uso anaweza kuutengeneza yeye kwa saa moja, lakini kilicho nyuma ya uso hana brashi ya kukifikia. Walicheka. Ikaja zamu ya upendo.

Alisimama mbele yao ukumbini, viti vya plastiki vimepangwa wawili wawili, na kiti cha Sankale kipo pale kwa mazoea. Alianza utani wa kukoroma. Hakuna wa kumjibu. Akaanza mwingine. Kulikuwa na msichana anaitwa Evalyne, anayeolewa na Oscar, kijana wa Nkoroi, na wote wawili walikuwa watoto wenye adabu. Evalyne akainua mkono.

"Mama, tulisikia mkifundisha hii ya upendo mkiwa wawili ndiyo iko sawa. Mzee anarudi darasani lini?"

"Hivi karibuni," Waceke alisema.

"Si tukuje tumwone?" Oscar akauliza. "Hata leo. Tunakuja na ka-keki."

"Leo amelala," Waceke akasema. "Nimemwacha amelala."

Alisema hivyo ndani ya ukumbi wa kanisa, Biblia ikiwa mkononi. Mume wake alikuwa Kajiado. Kama alikuwa amelala au yuko macho, kama amekula, kama ameuliza habari zake, hakujua. Aliwaombea wachumba haraka haraka, akawafungia mlango.

Nyumbani alikaa kwenye kile kitanda, upande wa Sankale, akageuza uso kama alivyokuwa akigeuza yeye. Hapo ndipo alipokiona. Ukutani, juu kidogo ya picha ya harusi yao, kilikuwa kimeninginia kibuyu.

Lazima nikwambie habari ya kibuyu hiki. Kwa Wamaasai, mama humwandalia binti yake kibuyu cha maziwa anapoolewa, akalishe nyumba yake mpya. Mama yake Waceke, wa kule Limuru, angejulia wapi? Kwa hiyo mama yake Sankale alikitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mkamwana Mkikuyu. Alikikausha, akakishonea ngozi na shanga mstari kwa mstari, na siku ya harusi akamwekea Waceke mikononi kikiwa na maziwa, anywe mbele ya watu. Yale maziwa yalikuwa yananukia moshi na yana chembe nyeusi za mkaa. Waceke aligusisha midomo tu. Tumbo lilikataa. Mama mkwe anamtazama, wazee wanatazama, na yeye amesimama na kibuyu kilichojaa. Sankale alikichukua taratibu kana kwamba ni zamu yake, akanywa sehemu yake na ya mkewe, akakipindua kionekane kitupu. Watu wakashangilia.

Walipohamia Kitengela, Waceke aliogopa kibuyu kisije kikaliwa na wadudu. Pia, tusidanganyane, aliogopa harufu. Alikipeleka kwa fundi wa viti, akakipaka vanishi nje na ndani mpaka kikang'aa, naye akakitundika. Wageni walikisifu sana. Kila aliyeingia alisema, "Aki hii ni nzuri, mlinunua wapi?" Waceke alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hakuwahi kukitilia hata tone la maziwa.

Sasa akakishusha. Hakuwa na mpango wowote wa maana. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mume wake bado anamtaka, na ulimi wa kuuliza hana, na mzee ulimi wa kujibu hana. Akaona afadhali aende na kitu mkononi. Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, alinunua maziwa kwa mama wa stendi, akakijaza kibuyu, akapanda basi la Namanga, akakipakata mpaka Kajiado. Hata hakujiuliza kwa nini harufu ya fundi wa viti inamfuata.

Sankale alikuwa ameketishwa nje, kwenye kiti, mgongo ukutani, jua la asubuhi likimpiga magotini. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimwona mkewe, macho yakashuka kwenye kibuyu, na yakabaki hapo hapo. Waceke alimsogezea. Kabla hakijafika mdomoni Soipan alikidaka.

"Takwenya," Waceke alisalimia kwa haraka, ile salamu ya wanawake.

"Iko," Soipan alijibu, maana salamu ni salamu. Kisha akafungua kifuniko, akanusa. Uso wake ulibadilika. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akakitazama, akanusa tena. "Umepaka nini ndani ya hii kitu?"

"Vanishi," Waceke alisema, sauti imeshuka. "Wadudu wasiingie."

Soipan alimwaga maziwa yote chini. Mbwa alikuja, akanusa, akaenda zake. "Mama yetu alishona hizi shanga macho yake yakiisha," Soipan alisema. "Alikupa ulishe mume. Wewe umelisha ukuta."

Sankale alinyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akasema neno. Soipan hakutaka kumpa. Akasema tena, kwa nguvu kidogo, dada mtu akampa kwa hasira. Mzee alikilaza kibuyu mapajani, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye shanga.

"Ona huyo," Soipan akasema, akaketi kwenye kigoda, akamnyooshea Waceke kidole, halafu akakishusha. "Mimi nilikuja kwenu kitambo nikaiona huko juu. Nikataka kuitoa nirudi nayo, hasira ilinishika. Huyu akanizuia. Akaniambia, wacha. Hiyo ni kitu ya kwanza ya kwetu Waceke alipenda. Akasema akiingia kwa nyumba akiiona hapo anajua ako kwake. Nikamuuliza, na maziwa? Akasema maziwa nitakunywa kwako siku ya soko, na usimwambie, atasikia vibaya. Miaka yote, mama Jane. Kila siku ya soko anapita hapa anakunywa, anapanguza mdomo, anakuja Kitengela."

Waceke alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sketi yake ya kutoka nayo. Alikuwa anakumbuka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni lile somo la nguvu, la mwanaume na aibu ya mke wake. Na la pili ni ule ukuta. Kumbe mtu hakuwa anamgeuzia kisogo. Alikuwa anaomba maziwa, na alikuwa anaonyesha kwa macho yatoke wapi, na mkewe amesimama nyuma yake akimbembeleza kwa kikombe cha wageni.

"Nataka kurudi na yeye," alisema.

"Utampa nini?"

"Nifundishe."

Soipan alimtazama kutoka kwenye nywele zilizosukwa vizuri mpaka kwenye kucha za kubandika, ndefu, za rangi ya divai. "Hiyo yako imekufa, haiwezi kupona," alisema. "Nitakupa ya kwangu moja. Akinywa kutoka kwa mkono yako, mchukue mwende. Asipokunywa, muache hapa, na usiniletee maneno ya pasta."

Waceke alimpigia Caro simu, akamwambia aendeshe saluni, na asithubutu kumgusa bibi harusi yeyote kwa wanja. Kisha akaanza shule. Unaosha kibuyu, unakikausha. Unachukua kijiti cha mti unaoitwa oloirien, ule mzeituni wa porini, unachoma ncha mpaka inakuwa kaa jekundu. Unaingiza kaa ndani ya kibuyu, unalisaga humo humo, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kwenye ngozi ya kibuyu. Halafu unakung'uta na kufagia kwa brashi ndogo, usiache majivu mengi, usimalize yote. Ndipo unatia maziwa. Kusema ni rahisi. Ukucha mmoja uliyeyuka siku ya kwanza kabisa, ukanuka vibaya, na Waceke akaomba wembe akazikata zote.

Maziwa ya kwanza yalijaa majivu. Sankale alionja, akageuza uso. Yaliyofuata hayakuwa na moshi wa kutosha. Akageuza uso. Mengine yalikuwa ya kaa lililozimika, yana harufu ya jivu baridi, hata Waceke mwenyewe aliijua bila kuambiwa. Soipan alikuwa akiketi kando, akikoroga chai. Akimaliza mke, anaingia dada na kibuyu chake, na mzee anakunywa. Waceke alikuwa akigeuka kutazama mbuzi ili asione.

Kilichomuuma zaidi si moshi. Ni jioni kabla giza halijaingia, ndugu wawili wakikaa ukutani wakiongea. Soipan alisema jambo, Sankale akacheka upande mmoja wa mdomo, akajibu pole pole, dada akacheka pia, mkono mdomoni. Waceke alikaa hatua chache tu kutoka kwao akichambua mchicha. Alikuwa hajamsikia mume wake akicheka tangu asubuhi ile ya kiharusi, na sasa amecheka, na yeye hajui ni kwa nini. Aliinamia mchicha. Adamu mwenyewe alionewa huruma kwa kukaa peke yake, na alikuwa na bustani nzima.

Aliomba asubuhi akikamua, kichwa kikiwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. "Mungu wangu, watu wananiambia niko na nguvu. Wewe unajua sina. Urembo nimeuacha kwa ile jalala pamoja na kucha. Nipe tu mkono unaojua kutikisa hii kitu." Hakusema amina, alisahau, kwa sababu ng'ombe alirusha teke.

Pasta Muturi alipiga simu. Alikuwa na kundi jipya la wachumba, akauliza tarehe.

"Pasta, tafuta mtu mwingine," Waceke alisema. "Ile ya tatu mimi bado sijaijua."

"Lakini mama, wewe na mzee ndio mfano wetu."

"Mzee hakuwa amelala siku ile. Alikuwa huku, na mimi sikujua kama amekula. Waambie Evalyne na Oscar nimeomba msamaha." Kisha akakata, maana kijiti kilikuwa kinaungua.

Asubuhi hiyo kaa lilikuwa jekundu vizuri. Aliliingiza, akalisaga, akasikia likikoroma ndani ya kibuyu, akakifunika na kukitikisa kifuani mpaka joto likampita kwenye nguo. Akakung'uta. Akafagia mara chache, akasita, akaacha. Akatia maziwa yakiwa bado na povu. Hakumwita Soipan kuja kunusa. Alienda nacho moja kwa moja ukutani, akapiga magoti, kwa sababu kiti cha mgonjwa ni kifupi, akamwekea mume wake kibuyu mdomoni.

Sankale alionja. Akatulia. Waceke alitazama uso ule, akisubiri ugeuke, na ndani mwake alikuwa ameshaanza kupanga begi la kurudi Kitengela peke yake. Uso haukugeuka. Koo lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Alikunywa taratibu, macho yamefumbwa, maziwa kidogo yakimtiririka upande ule uliolala, na mkewe akayapangusa kwa kidole chenye ukucha mfupi.

Kilipofika nusu alikisukuma. Akafungua macho, akakishika kwa mkono wake wa kushoto, akakigeuza kwa shida, akamnyooshea yeye. Akasema maneno, mengi kidogo, kwa Kimaasai.

Soipan alikuwa amesimama mlangoni. "Anasema..."

"Wacha, dada," Waceke alisema bila kugeuka. "Nimeona."

Alikipokea. Harufu ilikuwa ile ile ya siku ya harusi, moshi na chembe za mkaa, na tumbo lake likakumbuka kabla yake. Aligusisha midomo, akasimama hapo. Na kabla hajafanya lolote akaona ule mkono wa kushoto umeshanyooka kuja kwake, kiganja wazi, kidole kikimwita kidogo, kwa siri, Soipan asione. Mzee alikuwa tayari kummalizia. Lugha zake zilikuwa zimeenda, na mguu, na nusu ya uso wake, lakini hilo alikuwa bado nalo.

Waceke hakumpa. Alishika ule mkono ulionyooshwa, akauweka begani kwake, akainua kibuyu na kunywa mpaka akasikia mkaa kwenye meno. Kisha akakipindua, ili mume wake aone ni kitupu.